Kamba ya Kumfikia Paska

Saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya majani, na Keji ameshachomeka kigingi cha kwanza. Anaikanyaga kamba ya katani isiteleze, anaivuta hadi upande wa pili wa shamba, anachomeka kigingi cha pili. Kisha anachukua jembe kuukuu lisilo na mpini na kuligonga kwa jiwe mara tatu.

Mumewe, Jada Kasimiro, anageuza uso kuufuata mlio. Anavua kandambili zake na kuzipanga pembeni. Anaitafuta kamba kwa kidole gumba cha mguu, anaipata, anaanza kutembea. Kila baada ya hatua moja kamba ina fundo. Akilikanyaga fundo, anasimama, anachimba mara mbili, anainama, anapanda kipande cha shina la muhogo, anafukia kwa kisigino. Halafu fundo jingine.

Katikati ya mstari anasimama kwa muda mrefu kidogo.

"Umepotea, Baba Paska?" Keji anauliza.

"Mimi sijapotea. Kamba ndiyo imepotea."

"Kamba nimeifunga mimi."

"Ndiyo nasema."

Keji anacheka, na kicheko kinageuka kikohozi. Anakohoa akiwa ameshika magoti mpaka kinatulia. Mumewe anasubiri bila kusogea, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza mvua ikiwa mbali. Kikohozi kinapoisha anaendelea na fundo linalofuata.

Ni Machi 1994, katika kijiji kimoja nje ya mji wa Koboko, karibu na mpaka wa Zaire. Jada anakadiria kuwa ana miaka sitini na mitatu, na mkewe hamsini na minane. Wameishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Shamba wanalolima leo ni jipya kwao, ingawa walilimiliki kabla ya vita. Limejaa mawe na mizizi ya magugu ya miaka kumi na mitatu. Wamefanikiwa kufungua robo ekari tu. Walilotoka lilikuwa na ekari mbili, udongo mweusi, na kaburi la binti yao.

Hawakufukuzwa huko. Walisema wenyewe kwamba si lao.

Jada alizaliwa katika ukoo wa askari. Baba yake alivaa sare, kaka zake walivaa sare, na mwana wake wa kwanza alikufa akiwa na sare mwaka 1979, serikali ilipoanguka. Oktoba mwaka uliofuata vita vilifika Koboko. Nyumba zilichomwa, na Jada na Keji walivuka mpaka kuingia Zaire wakiwa na watoto wanne. Surua iliwachukua wawili kambini katika mwezi mmoja. Wakabaki Norah na Paska.

Kambini humo ndimo walimokutana na Kasereka, mzee Mkongo aliyekuwa akitengeneza majembe. Zamani alifanya kazi mbali, upande wa Kasai, akajiunga na Kanisa la Mennonite huko. Alikuwa na Biblia isiyo na jalada na beseni la bati la kuoshea miguu.

"Alitufundisha mambo matatu," Jada anasema. "Usishike bunduki. Usiape, ndiyo yako iwe ndiyo na hapana yako iwe hapana. Na umwoshe mwenzako miguu. Nilimwambia, mzee, hilo la bunduki nimeshalielewa, nimezika. Nifundishe hayo mengine."

Walibatizwa mwaka 1983 kwa maji ya kibuyu. Ndugu za Jada waliposikia waliiita dini ya kuku, kwa sababu kuku naye hana bunduki.

Usubi, wale inzi wadogo wanaouma kando ya mito, walikuwa wameanza kazi yao machoni mwake kabla ya vita. Familia iliporudi Koboko mwishoni mwa mwaka 1986, Jada alikuwa akiona vivuli tu. Miaka miwili baadaye daktari huko Arua alimmulika kwa tochi na kumwambia hakuna kilichobaki cha kutibu.

Kijiji walichokirudia hakikuwa na nyumba. Majani yalikuwa marefu kuliko mtu. Miti mikubwa ilikatwa kwa mkaa, na njia zilifutika. Wakazi waliorudi kabla yao walikuwa wachache, wengi vijana. Hakuna aliyekumbuka nani alikaa wapi. Lakini Jada alikuwa na alama yake, na aliitegemea.

"Tangu ujana wangu nilikuwa nikihesabu hatua kutoka kivukoni mpaka mlangoni," anasema. "Mia nne na kumi. Hata nikirudi na giza, nilihesabu. Basi siku ile nikamwambia Mama Paska, nipeleke kwenye kivuko. Akanifikisha mtoni, mahali watu wanapovukia. Nikahesabu. Mia nne na kumi. Nikachomeka fimbo, nikasema, nyumba ilikuwa hapa."

Keji alikuwa na shaka. Ardhi ilionekana kuinama tofauti na alivyokumbuka. Lakini alikuwa hajaiona kwa miaka sita, na mumewe alikuwa na uhakika. Walifyeka, wakajenga, wakalima.

Mwezi wa pili wa mwaka 1987, Paska aliugua homa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti mwenye sauti kubwa aliyemtania baba yake kwamba kipofu anaona wanawake wazuri tu. Lori la kwenda Arua halikupita kwa siku mbili. Lilipopita, halikuhitajika tena. Walimzika kando ya nyumba, hatua kumi na moja kutoka mlangoni.

Kuanzia siku hiyo Jada aliamka kila asubuhi, akapapasa ukuta mpaka kwenye kona, akahesabu hatua kumi na moja, akasimama kaburini. Alikwenda peke yake. Hakuhitaji mtu wa kumshika mkono.

Mvua za Aprili zilipokuja, Keji alikuwa akichimba pale karibu ili apande karanga. Jembe likagonga jiwe. Alilifukua kidogo, akalifuta udongo.

Lilikuwa jiwe la kusagia lenye mabonde mawili. Kijiji kizima kabla ya vita kilikuwa na jiwe moja tu la namna hiyo. Lilikuwa la Sadiya, jirani yao, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa hapendi unga wake uchanganyike na mafuta ya simsim. Upande mmoja alisagia mtama, upande wa pili simsim. Keji mwenyewe, alipokuwa bi harusi mpya asiye na jiwe lake, alikwenda kusagia kwa Sadiya. Jiwe lilikuwa zito mno, halikuwahi kuhamishwa kutoka uani kwake.

"Nilijua hapo hapo," Keji anasema. "Tumejenga kwenye uwanja wa Sadiya. Nilitazama kaburi. Udongo wake bado ulikuwa umevimba. Nikalifukia jiwe, nikapanda karanga juu yake."

Hakumwambia mumewe. Alikaa na jambo hilo miaka sita.

Siku hizo za kukaa kimya hazikuwa mbaya kwa nje. Shamba lilitoa. Mwaka mzuri walipata magunia manne ya simsim, wakauza mawili sokoni Koboko na moja Arua. Wanunuzi walimpenda Keji kwa sababu hakupunja kipimo wala hakutaja bei mbili. Walimwita Mama Ndiyo. Kila baada ya miezi miwili wanandoa hao walipanda lori kwenda Mvara, mtaa wa Arua, ambako Norah ameolewa, na chumbani kwake watu saba wa kanisa lao walisali na kuoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake.

"Nilikuwa nikimwosha mwenzangu miguu huku nasema moyoni, Bwana, usinitazame," Keji anasema. "Kuomba niliomba. Lakini kuna maombi ambayo unajua mwenyewe hayapandi."

Agosti mwaka jana Nasuru alirudi kutoka Juba. Ni mwana wa pekee wa Sadiya. Alikimbia akiwa na miaka kumi na minne, akarudi mtu mzima mwenye mke, mbuzi wawili na redio. Mama yake alifia ukimbizini. Alisimama mbele ya nyumba ya Jada siku ya tatu na kusema kwamba palikuwa kwao.

Shauri likaenda kwenye baraza la kijiji, lile ambalo watu hapa huliita RC. Kikao kilifanyika katika darasa lisilo na paa tangu vita. Mwenyekiti, Candia, ni Mlugbara, mtu wa lugha nyingine aliyehamia Koboko kwa biashara, kwa hiyo shauri lilisikilizwa kwa Kiswahili cha huku, kile kilichotoka kambini na sokoni.

Nasuru alishika Kuruani, akaapa. Lakini alipoulizwa mipaka, alibabaika. Alikumbuka mto, alikumbuka mawe, hakukumbuka upande.

"Wewe nakumbuka nini basi?" Candia alimuuliza.

"Nakumbuka mama yangu iko nasaga asubuhi."

Watu walicheka. Mashahidi wanne walisimama, wote wakasema wamemwona Mzee Jada hapo tangu alipofyeka majani. Ilikuwa wazi shauri linaelekea wapi. Candia akampa Jada Biblia ili aape.

Jada akakataa. Minong'ono ikaenea. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mutu ya haki naogopa Biblia namna gani?"

Candia alinyoosha mkono. "Wacheni. Hawa watu ya Ndiyo hapana kuapa, sisi wote tunajua. Na sisi wote tunajua hapana kudanganya. Mzee, sema tu na mdomo yako. Ukisema ndiyo, mimi nakata kesi."

Jada alisema: "Ndiyo. Shamba ni yangu. Nilihesabu hatua."

"Na wewe, mama?"

Hapo ndipo Keji alipokwama. Alikuwa amejiandaa kwa kiapo. Alijua yeye na mumewe watakikataa, na alidhani baraza litawakasirikia na kuwaacha wanyamaze. Hakutegemea kuaminiwa bila kiapo. Anasema kama wangemlazimisha, labda angekaa kimya. Lakini walimpa heshima, na kila uso mle darasani ulikuwa ukingoja neno moja kama vile limeshasemwa.

"Mama, iko ndiyo?"

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Shamba hii si yetu. Jiwe ya Sadiya iko chini ya udongo, karibu na kaburi ya mutoto yangu. Mimi niliona. Mzee yangu hapana jua."

Jada, ambaye ndiyo yake ilikuwa bado hewani, alikaa chini.

Kijiji kizima kilikwenda kuchimba. Jiwe lilipotoka, Nasuru aliweka kiganja chake katika bonde moja, halafu katika la pili. Hakutoa shukrani. Alimtazama Keji na kuuliza, "Miaka sita mulikuwa nasaga kwa jiwe ya mama yangu?"

"Hatukusaga. Nilifukia tu."

"Ile ni mbaya zaidi," Nasuru akasema.

Mzee mmoja wa kijiji ndiye aliyekuja kufumbua kosa la Jada. Mafuriko ya miaka ya vita yalikuwa yameubomoa ukingo wa mto pale kwenye kivuko cha zamani. Watu waliotangulia kurudi walivukia chini zaidi, umbali wa hatua mia moja na sitini, na njia mpya ikaanzia hapo.

"Nilihesabu sawa," Jada anasema. "Sikukosea hata hatua moja. Nilianza mahali pasipo penyewe."

Siku ya pili jioni Jada alimuuliza mkewe swali moja: kwa nini hakumwambia?

"Nilimjibu ukweli," Keji anasema. "Nilimwambia, ningekuambia ungehama siku hiyo hiyo. Ungefunga mzigo, ungesema kweli ni kweli. Na Paska ungemwacha kwa watu, udongo wake haujakauka."

"Alisema kweli," Jada anasema. "Ningehama."

Asubuhi ya siku ya tatu alimwomba amletee beseni. Kanisani mwao mwanamume hamwoshi mwanamke. Nyumbani hakuna aliyekuwa akitazama. Alimkalisha kwenye kigoda, akapiga magoti, akatafuta miguu yake kwa mikono. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ufa mrefu ambao hakuwahi kuujua.

Keji akiulizwa alijisikiaje, anatazama pembeni. "Maji yalikuwa baridi," anasema.

Nasuru aliwaruhusu kuvuna kila kilichokuwa shambani. Kuhusu kaburi alisema maneno mawili. La kwanza, halitafukuliwa. Hataki laana wala hataki mfupa wa mtu uteseke. La pili, hapo sasa ni bomani kwake, na hataki mtu anayeingia na kutoka bila hodi.

Walihama Februari mwaka huu, wakaenda kwenye ardhi yao ya kweli. Nasuru mwenyewe ndiye aliyekwenda kuionyesha, kwa kuwa utotoni alichungia mbuzi kwenye kivuko cha zamani. Alimshika Jada mkono, na wanaume hao wawili walihesabu kwa sauti, bila neno jingine, mpaka mia nne na kumi. Huko walikuta mafiga matatu chini ya majani. Keji aliyatambua.

Majirani wana maoni yao. Filda, anayeuza samaki wakavu sokoni, alimwambia Keji mbele ya watu, "Dada, mdomo ulifungwa miaka sita, ukafunguka siku ile ambayo ungepaswa kuushika kwa mikono miwili!"

"Ulikuwa umechoka," Keji alimjibu.

Wengine ni wakali zaidi. Wanasema mtu mwenye mume kipofu na kifua kibovu hana haki ya kuwa mkweli. Norah, binti yao, amewataka wahamie Mvara. Ana chumba kimoja na watoto watano. Wamekataa.

Kifua ndicho kinachompa Keji haraka. Kikohozi kimemshika tangu Desemba. Zahanati ilimpa vidonge, vikaisha. Ameambiwa aende Arua akapimwe, naye anasema atakwenda mihogo ikishapandwa.

"Sijiogopei," anasema, akiwa amehakikisha mumewe yuko upande wa mbali wa shamba. "Kufa ni kwenda. Ila nani atamfungia kamba? Nani atagonga jembe? Na kule kwa Paska atafikaje? Sasa hivi mpaka nimshike mkono, na mpaka nipige hodi kwa watu. Akifika anasimama tu kama mgeni. Zamani alikuwa anaongea naye. Mimi nikiwepo haongei."

Jada naye, akiwa peke yake kando ya mafiga yake matatu, anasema jambo hilo hilo kwa namna yake. "Yako maneno ya baba na binti. Mama mtu akisikia atalia, na akilia anakohoa."

Kwa hiyo kila alasiri, jua likipungua ukali, Keji anakaa mlangoni na kusokota katani. Si kamba ya shamba. Hii ni nene zaidi, na mafundo yake ni makubwa, yanayofaa mkono badala ya mguu. Kutoka nyumba mpya mpaka kaburini ni hatua mia moja na sitini, sawasawa na kivuko kilivyohama. Juzi alikuwa amefikisha mafundo tisini na manne. Vigingi ameshakata. Kamba itapita juu yake usawa wa kiuno, kutoka mlangoni hadi kwa Paska, ili mtu asiyeona aweze kwenda na kurudi hata kama nyumbani hakuna mtu mwingine.

Hatua sitini za mwisho ziko ndani ya ardhi ya Nasuru.

Keji alikwenda kumwomba wiki iliyopita. Alimkuta akiezeka jiko lake. Jiwe la mabonde mawili limewekwa mlangoni, na mkewe Nasuru alikuwa akisagia mtama upande mmoja.

"Kamba? Mbuzi zangu zitajinyonga," Nasuru alisema kutoka juu ya paa.

"Nitaweka juu kidogo, baba."

"Na watoto zangu?"

"Watainama. Watoto wanajua kuinama."

Nasuru aliendelea kufunga majani kwa muda. Mkewe aliacha kusaga. Mwishowe Nasuru akasema, bila kuteremka, "Kamba ikifika kwa mpaka yangu, tutaongea."

Keji hajui maana yake. Huenda ni ndiyo ya mtu asiyetaka kuonekana amelainika. Huenda ni hapana iliyoahirishwa. Anaomba kila asubuhi kwa ajili ya jambo hilo, na anasema safari hii maombi yake anaona yanapanda.

Shambani, Jada amemaliza mstari. Keji anang'oa vigingi, anasogeza kamba hatua moja, anachomeka tena. Ardhi hapa ni ngumu; anapiga kigingi kwa jiwe mara nyingi. Anagonga jembe. Mzee anaufuata mlio.

Jada anaulizwa atafanya nini kamba ya kaburini ikikamilika na Nasuru akakataa isipite.

Anapapasa kwa kidole gumba cha mguu mpaka analipata fundo la kwanza.

"Itafika mpakani," anasema. "Nitaishika mpaka mwisho wake, nitasimama hapo, nitaongea kwa sauti kubwa. Yule binti hakuwa kiziwi."